Mpini wa bastola ni wa mkono wa nani?

1.

Wiki iliyopita tuliongea homa ya mtoto ya usiku, na maswali yenu yalinifurahisha sana. Leo naleta mada ambayo nimeipiga danadana miezi mitatu kwa sababu najua wengine mtashtuka. Bastola. Tena sio bastola kwa ujumla, ni mpini wake, pale unaposhikia.

Najua, najua. "Nesi na bastola wapi na wapi?" Tulia nikueleze.

Wengi mnaonisoma mko huku Marekani kama mimi. Nilisoma diploma ya uuguzi nyumbani Tanzania, nikafanya mtihani wa leseni ya huku, sasa nafanya kazi hospitali hapa Texas, zamu za saa 12, nyingi za usiku. Kule kwetu bastola unaiona kwa askari au kwa mlinzi wa benki, basi. Huku jirani anayo, mchungaji anayo, bibi wa miaka 70 anayo kwenye gari. Na inboksi yangu haipiti wiki bila mama kuniuliza: "Dada nesi, mume wangu kaninunulia kabastola kadogo ka silinda, kananiumiza mkono vibaya. Wanasema nibadilishe mpini. Ninunue upi?"

Nilikuwa nakwepa. Sasa najibu, kwa sababu nimeona tusipoongea sisi, mnaenda kushauriwa na muuzaji dukani, na muuzaji hajui kama una mtoto wa miezi mitano mgongoni.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Moja: mpini unaokukaa mkononi sio urembo, ni lazima, na uchaguliwe kwa mkono wako wewe, sio wa mumeo. Mbili: pamoja na yote hayo, mpini sio kitu cha kwanza kununua. Ukisoma mpaka mwisho utanielewa. Mlio nyumbani someni pia, huenda dada yako yuko huku.

2.

Tuanze na yangu. Mtoto wetu wa pili alikuwa na miezi mitano. Mume wangu anaendesha malori ya masafa, usiku mwingi hayupo. Kulitokea uvunjaji wa nyumba mtaani kwetu, akaingiwa na hofu, akaenda dukani. Muuzaji akamwambia maneno ambayo wake wengi mmeyasikia: "Kwa ajili ya mke wako? Chukua hii, ndogo, nyepesi, inamfaa mwanamke."

Basi ikaja. Kabastola ka risasi 5, kepesi, mpini mfupi wa kukaa mfukoni. Tukaenda uwanja wa kulengea shabaha. Risasi ya kwanza nilihisi kama mtu kanipiga rula kwenye kiganja. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikagundua nafumba macho kabla sijavuta triga. Nilimaliza zile tano, nikaiweka mezani, nikasema ahsante nimeshiba. Mume wangu akacheka, "Utazoea."

Sikuzoea. Na jamani, hakuna cha kuzoea pale. Sababu ni rahisi. Risasi inapokwenda mbele, bastola inasukumwa nyuma. Kama bastola ni nzito, uzito wake unameza sehemu ya ule msukumo. Kama ni nyepesi, msukumo wote unakuja kwako. Model 642 ya Smith & Wesson, ambayo ni mfano unaojulikana sana wa bastola hizi, ina uzito wa kama gramu 410 tu ikiwa haina risasi. Hiyo haifiki hata nusu kilo ya sukari. Ile ya chuma kitupu ya umbo lilelile inapita gramu 600, na ukizipiga zote mbili siku moja utajua tofauti bila kuambiwa.

Kwa hiyo ile inayoitwa "ya wanawake" kwa sababu ni ndogo, ndo ngumu kuliko zote kupiga. Hata wanaume waliozoea wanailalamikia. Ukiumia, usidhani wewe ni dhaifu.

3.

Sasa niongee kama nesi. Kabla hujafikiria mpini, angalia mkono.

Sisi wenye watoto wachanga mikono yetu ina kazi. Unamnyanyua mtoto mara 40 kwa siku kwa kumkwapua chini ya makwapa, vidole gumba vimesimama juu. Mishipa inayovuta kidole gumba, pale upande wa kifundo cha mkono, inavimba na kubanwa kwenye ala yake. Madaktari wanauita ugonjwa wa de Quervain, na unajulikana sana kwa wamama wanaolea.

Jipime sasa hivi. Kunja kidole gumba ndani ya ngumi. Halafu inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukisikia maumivu makali kwenye kifundo upande wa kidole gumba, usiende kupiga risasi wala kununua mpini wowote. Nenda kwa daktari wako, vaa kifaa cha kutuliza kifundo, jifunze kumnyanyua mtoto kwa viganja vilivyofunguka. Mpini wa dola 30 hauponyi mshipa uliovimba.

Na kama una mimba au unanyonyesha, nakuomba uache kabisa uwanja wa kulengea mpaka umalize. Kiswahili chenyewe kinakukumbusha: risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu, na risasi ni jina la yale madini. Vumbi lake linabaki hewani, mikononi, kwenye nguo na viatu. Madini hayo yanapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto, yanapita kwenye maziwa pia, na yanaharibu ubongo unaokua. Kelele nazo ni hivyo hivyo, wewe unavaa vya kuziba masikio, aliye tumboni havai.

Mumeo akitoka huko, asimbebe mtoto kwanza. Anawe mikono na uso kwa sabuni na maji (ile dawa ya kujipaka mikononi haitoi madini haya), abadilishe nguo, viatu vibaki nje.

4.

Haya, mkono ni mzima, hunyonyeshi, na mmeamua bastola inabaki. Twende kwenye mpini wenyewe.

Kwanza bastola iwe tupu. Fungua silinda, toa risasi zote, hesabu matundu kwa macho na kwa kidole, kisha risasi zipelekwe chumba kingine. Kidole nje ya triga mpaka wakati wa kupima. Mtutu uelekee ukutani sehemu ambayo nyuma yake hakuna mtu. Watoto wasiwepo chumbani. Nimesema wasiwepo, sio "wako bize na katuni".

Angalia vitu vitatu.

Kwanza, kidole cha mwisho. Shika kama unavyoshika siku zote. Je, kidole cha mwisho kina pa kukaa au kinaning'inia hewani? Mipini mingi midogo inashika vidole viwili tu. Kidole cha tatu kikikosa pa kukaa, bastola inajigeuza juu kila ukipiga, na wewe unalazimika kuibana kwa vidole viwili vilivyochoka.

Pili, ile nyama kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Hapo ndo teke linapotua. Kwenye mipini mingine chuma cha nyuma kiko wazi na kinagonga nyama moja kwa moja. Kwenye mingine kimefunikwa na raba.

Tatu, na hapa wengi hawaambiwi: umbali wa triga. Weka kidole cha shahada juu ya triga. Sehemu ya kati ya ncha na kiungo cha kwanza ndo inatakiwa iguse, na mtutu unyooke sambamba na mkono wako wa mbele. Kama unalazimika kuzungusha bastola kiganjani ili kidole kifike, basi mpini ni mnene kwako.

Sasa ona mtego. Ile raba inayofunika chuma cha nyuma inapunguza maumivu, lakini inaongeza unene, na inasogeza kiganja chako nyuma mbali na triga. Mwenye vidole virefu atafurahi. Mwenye vidole vifupi kama mimi atapata mpini laini asioweza kuvutia triga vizuri. Ndo maana nasema mkono wako, sio wa mumeo, wala wa dada aliyekupa ushauri kanisani.

5.

Aina zenyewe, kwa lugha ya jikoni.

Mpini mfupi wa raba wa kujificha. Ndo unaokuja na bastola nyingi za aina hii. Sifa yake ni moja: haujichori kwenye nguo. Ni mzuri kwa kuficha, mchungu kwa kupiga.

Mpini mrefu wa raba. Hogue na Pachmayr ni majina utakayokutana nayo sana. Unashika vidole vyote vitatu, mwingi unafunika chuma cha nyuma, unakuwa kama soli ya kiatu kizuri. Ubaya wake: raba inang'ang'ania nguo, na bastola inakuwa kubwa. Ipo pia mirefu yenye mgongo wazi, na hiyo ndo ya kutafuta kama una vidole vifupi: unapata pa kuweka kidole cha mwisho bila kupoteza umbali wa triga.

Mpini wa mbao au wa plastiki ngumu. Unapendeza, nakubali, kuna mbao zinang'aa kama fanicha ya sebuleni. Unateleza vizuri kwenye nguo. Lakini mgumu ni mgumu. Unasaidia tu kama umbo lake limejaza kiganja chako sawasawa, maana hapo teke linasambaa kiganja kizima badala ya kugonga sehemu moja. Usinunue kwa picha.

Mpini wenye mifereji ya vidole. Huu ni kama kiatu cha mtu mwingine. Vidole vyako vikilingana na mifereji, raha. Visipolingana, kingo zake zinakaa juu ya mifupa ya vidole na kila risasi inakuponda. Ukiwa na shaka, chukua usio na mifereji.

Na angalia ulinganifu. Mipini haichangamani. Ya fremu ndogo ya Smith & Wesson haiingii kwenye fremu kubwa zaidi ya kampuni hiyohiyo, na wala haiingii kwenye Ruger LCR. Soma jina la bastola yako kwenye chuma chenyewe, sio kwenye kumbukumbu ya mumeo.

Mimi baada ya kupima nilichukua mrefu wa raba wenye mgongo wazi, bila mifereji. Nikabadilisha na risasi pia, za mazoezi zenye nguvu kidogo, zile za kulengea karatasi. Tofauti ilikuwa kubwa. Sikusema ninaipenda, nasema macho yangu yalibaki wazi. Na bastola ambayo unaipiga macho yamefumba ni hatari kwa kila aliyemo ndani ya nyumba, kuta za nyumba za huku ni bodi nyembamba.

Hapo mpini ulifanya kazi yake. Lakini usidanganywe, haupunguzi ugumu wa triga. Triga za bastola hizi ni ngumu na ndefu kwa makusudi, unaweza kuhitaji nguvu ya zaidi ya kilo 5. Mpini unabadilisha namna unavyoifikia tu.

6.

Kuna swali moja sisi wamama hatuulizi: hii bastola inafichwa kwa nani?

Mpini mfupi umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetembea nayo mwilini siku nzima. Kama yako itakaa nyumbani, unateseka na mpini mfupi kwa faida ya nani? Ndani ya sanduku la chuma hakuna anayeangalia kama imejichora kwenye nguo. Chukua mpini mrefu uliojaa mkono, yaishe. Au bora zaidi, mwambie mumeo airudishe, mchukue nzito zaidi, maana hakuna mpini unaotibu bastola ambayo haikukufaa tangu dukani.

Na kuna mama atasema, "Mimi natembea nayo kwenye mkoba." Dada yangu, kaa chini. Desemba 2014, mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mama alikwenda dukani na watoto. Bastola ilikuwa kwenye mkoba wake. Mwanawe wa miaka 2, aliyekuwa amekaa kwenye kitoroli cha dukani, aliingiza mkono akaifikia, ikalia, mama akafa palepale. Alikuwa mama mwenye kibali cha kutembea na silaha.

Mkoba wa mama ni kabati la familia. Ndani kuna biskuti, wipes, simu, midoli. Mtoto amefundishwa toka azaliwe kwamba akitaka kitu kizuri achimbe humo. Halafu wewe unaweka bastola humo humo na unamwambia asiguse? Huko hakuna mpini utakaokusaidia.

7.

Kufunga mpini mpya ni kazi ndogo, kwa hiyo naieleza haraka. Bastola tupu, nimeshasema. Mingi ina skrubu moja. Tumia bisibisi inayoenea sawasawa, isije ikakwaruza. Skrubu ikilegea, usibandue vipande kwa kisu. Irudishe nyuzi chache, igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi, upande wa pili utaachia wenyewe. Chini ya fremu kuna kipini kidogo cha chuma, usikipoteze. Ukifunga mpya, kaza mpaka ikamate, usikaze kama nati ya tairi.

Halafu fungua silinda uone kama mpini upande wa kushoto hauzuii maganda kutoka. Mipini mingine ni minene hapo, maganda yanakwama.

Sasa sikia kilichonipata mimi. Nilibadilisha mpini jioni moja mezani jikoni, mtoto mkubwa, wakati huo ana miaka minne, amelala. Nilikuwa nimefuata kila kitu. Bastola ikarudi kwenye droo ya juu ya kabati la chumbani, "mbali," nyuma ya mashuka. Ule mpini wa zamani, ule mfupi ulionitesa, nikausahau mezani.

Asubuhi nimetoka zamu nakuta mwanangu ameukamata. Vidole vyake vimeuzunguka, vyote, kidole cha mwisho kimekaa pake. Umemkaa kama umetengenezwa kwa ajili yake. Akaniangalia akasema, "Mama, hii ndo ile ya kwenye mashuka?"

Nilikaa chini na sare yangu ya kazi. Sikuwahi kumwonyesha. Baba yake hakuwahi kumwonyesha. Lakini alijua. Alikuwa anajua siku zote.

Nilikuwa nimehangaika wiki tatu kutafuta mpini unaomfaa mama. Sikuwa nimejiuliza hata siku moja kwamba ule wa kwanza unamfaa mtoto.

8.

Kwa hiyo msimamo wangu wa pili ndo huu: pesa ya kwanza iende kwenye kufuli. Kabla ya mpini, kabla ya risasi za mazoezi, kabla ya kitu chochote.

Usiniambie "mwanangu hana nguvu za kuvuta triga". Wewe unavuta kwa kidole kimoja. Mtoto anaigeuza, anashika mpini kwa vidole, anasukuma triga kwa vidole gumba viwili. Maana yake mtutu unamwelekea yeye mwenyewe.

Usiniambie "nimemfundisha asiguse". Umemfundisha pia asile rangi za kuchorea.

Tangu 2020 silaha za moto ndo chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 hapa Marekani, zimepita ajali za magari. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinasema nyumba salama kuliko zote ni isiyo na bunduki. Kama ipo, iwe imefungwa kwa kufuli, haina risasi ndani, na risasi zimefungwa mahali pengine.

Sheria nayo ina la kusema. Hapa Texas, kumwachia mtoto wa chini ya miaka 17 nafasi ya kuifikia bunduki iliyo tayari kufyatuka ni kosa la jinai, na linakuwa zito zaidi akiua au kujeruhi vibaya. Na muuzaji mwenye leseni, kwa sheria ya nchi nzima, hapaswi kukuuzia bastola bila kifaa cha kuifungia. Angalia kwenye boksi, utakuta ule waya wenye kufuli ambao wengi tunautupa pamoja na karatasi. Kwenye bastola ya silinda unaupitisha kwenye tundu ili silinda isifungike. Umeupoteza? Vituo vingi vya polisi vinatoa bure kupitia mpango wa Project ChildSafe, kaulize.

Waya ni mwanzo. Bora zaidi ni sanduku la chuma lenye namba za kubonyeza, lililofungwa kwa boliti kwenye kabati au ukutani. Namba zisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, anaijua kuliko wewe. Na zile za dukani za bei poa zenye funguo, usiweke funguo kwenye kikombe juu ya friji. Kila mtoto wa Kiswahili anajua mama yake anaficha vitu juu ya friji.

Mtoto akienda kucheza nyumba ya mtu, uliza: "Samahani, mna bunduki nyumbani? Imefungwa?" Utaona aibu mara ya kwanza. Huwa tunauliza kama wana mbwa, tunaona ni kawaida.

9.

Mawili ya mwisho nikuache.

La kwanza ni la karatasi. Kama uko huku kwa viza ya muda, ya masomo, ya kutembelea au ya kazi, sheria ya nchi nzima kwa kawaida hairuhusu umiliki bunduki wala kuishika, hata ya kukodi uwanjani. Kuna mianya michache, kama ya leseni ya uwindaji, lakini usijichanganye mwenyewe, muulize mwanasheria kwanza. Wenye green card wanaruhusiwa. Usije ukapoteza maisha yako ya huku kwa sababu ya zawadi ya mumeo.

La pili ni la moyo, na hili naliandika taratibu. Baada ya kujifungua, wengine wetu tunapitia giza. Hulali, hulii lakini unalia, unafikiri watoto wangekuwa afadhali bila wewe. Mawazo kama hayo mara nyingi yanakuja na kupita. Bastola haisubiri yapite. Kama uko hapo, au unamwona mwenzako yuko hapo, bastola itoke ndani ya nyumba leo. Iende kwa ndugu anayeruhusiwa, au ulizia polisi na duka la silaha, wengine wanakubali kuhifadhi kwa muda. Piga 988, usiku na mchana, ni bure. Mwambie daktari wako. Baba, kama unasoma hii kwa simu ya mkeo, hii ni kazi yako, usisubiri akuombe.

Yetu? Mtaniuliza tu, kwa hiyo nasema. Bado ipo. Ina mpini mrefu wa raba, ipo ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti nne, risasi ziko kwenye sanduku lingine. Ule mpini mfupi nimeutupa. Mimi na mume wangu tumekubaliana: siku yeyote kati yetu atakapoona kuifunga ni usumbufu, siku hiyo hiyo inauzwa.

Kwa hiyo usiniulize tena kwenye inboksi "dada, mpini upi?" kabla hujanijibu swali langu: usiku wa leo, namba ya sanduku anaijua nani? Kama jibu ni "sanduku gani?", basi hiyo hela ya mpini ishikilie kwanza.

Wiki ijayo tunarudi kwenye chanjo, msiogope. Waambie na wenzako. Usiku mwema, naingia zamu.